Timu ni ya nani, mwenye pesa au mashabiki?

Oklahoma City Thunder walipotwaa ubingwa wa NBA Juni 2025, kwa kuwalaza Indiana Pacers katika mechi ya saba, mimi niliwakumbuka watu wa Seattle.

Timu hiyo ilizaliwa kwao mwaka 1967 kwa jina SuperSonics, na mwaka 1979 ikawaletea kombe. Mwaka 2006 mmiliki wake, Howard Schultz wa kampuni ya kahawa ya Starbucks, aliwauzia matajiri wa Oklahoma wakiongozwa na Clay Bennett kwa dola milioni 350. Walitaka wajengewe ukumbi mpya kwa pesa za umma. Walipoukosa, wakafunga virago. Jiji lilikwenda mahakamani, kwani mkataba wa ukumbi ulikuwa hadi 2010. Julai 2008, saa chache kabla ya hukumu, wakapatana: jiji likachukua dola milioni 45, likabaki na jina na rangi. Timu ikaenda zake.

Miaka 41 ya mapenzi ya mashabiki haikuwa na sahihi kwenye mkataba wowote.

Hapa Mombasa tunazishangilia KPA katika kikapu na Bandari katika soka, zote zikitegemea mfuko wa Mamlaka ya Bandari. Simlaumu mfadhili, bila yeye huenda tusingekuwa na timu. Lakini mashabiki tudai kiti mezani sasa, timu zingali zetu. Maji yakimwagika hayazoleki.