Mmewapora Watoto Mti wa Krismasi

Wasee, leo nimekuja kuwachokoza, na wa kwanza kuchokozwa ni mimi mwenyewe.

Sisi vifungua mimba wa Eldoret tuna tabia mbaya. Mji umekuwa jiji tangu Agosti 2024, basi tumedhani hata sebule za mama zetu lazima ziwe za jiji. Ukipata mshahara wa kwanza, Desemba unarudi nyumbani na sanduku refu: mti wa plastiki, mweupe, mapambo ya rangi mbili tu, taa za kuwakawaka. Unaupanga peke yako, unapiga picha, unaposti. Halafu unawaambia wadogo: msiguse.

Mimi nilifanya hivyo Desemba iliyopita, na hadi leo inaniuma.

Kabla ya hapo, mti wetu ulikuwa tawi kutoka kwa ua wa saipresi wa nyanya kule Moiben. Mahindi yakishavunwa na kuanikwa, baba anachukua panga, sisi tunamfuata. Hakuna aliyeruhusiwa kuchagua peke yake. Mmoja anataka refu, mwingine anataka lililojaa, na baba anapima kwa macho kama litapita mlangoni. Tawi lilifungwa juu ya matatu mpaka Langas, na mwaka mmoja kondakta akadai lilipe nauli kama abiria. Nyumbani lilisimamishwa ndani ya ndoo ya rangi iliyojazwa mchanga na mawe. Mapambo? Pamba ya dukani, ati theluji, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona theluji. Baluni. Karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Kadi za kututakia heri kwa mtihani wa darasa la nane, zingine bado zinaimba ukizifungua.

Na nyota ya kartoni ilikuwa na sheria yake: inawekwa na mdogo wa nyumba, akibebwa na anayemfuata. Mimi nilibebwa na baba. Akazaliwa ndugu yangu, nikambeba. Akaja kitinda mimba wetu, ndugu yangu akambeba.

Sasa Desemba iliyopita huyo kitinda mimba ana miaka kumi na tatu. Baba tayari amevaa gambuti. Ananiuliza, "Tunaenda saa ngapi?" Nikamwambia, "Baba, wewe pumzika, nimeshanunua." Alisimama kidogo, kisha akakaa akavua gambuti. Dada yangu alikuwa amekata nyota mpya. Nikamwambia haiendani na rangi. Jioni niliikuta nyuma ya TV.

Najua mtaniambia nini. Kwanza, kwamba kukata mti ni kuharibu mazingira, na serikali inataka tupande miti bilioni 15 kufikia 2032. Hoja nzuri, lakini tuiweke sawa. Tulichokuwa tunakata si mti, ni tawi la pembeni la ua, na ua wa saipresi lazima upunguzwe, la sivyo unafunga njia. Tena saipresi hiyo si ya asili hapa. Ilitoka Meksiko na Amerika ya Kati, ikapandwa kwetu kwa ajili ya mbao na ua. Ukitoa tawi, mti unabaki umesimama. Lakini ukikata kilele cha mche wa jirani, au ukiingia msitu wa serikali kule Kaptagat bila kibali, huo ni wizi, na mimi sikutetei.

Na plastiki je? Tarehe 28 Agosti 2017 nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, tukajisifu dunia nzima. Leo tunasimamisha plastiki ya futi sita sebuleni, mara nyingi imeletwa kwa meli kutoka Uchina, halafu tunahubiri mazingira. Ukiutumia mti huo miaka ishirini, sawa, una hoja. Lakini wewe unayenunua mwingine kila rangi inapobadilika, kaa kimya kidogo.

Pili, mtasema watoto wamekua, na mti ni wa watoto. Hapa ndipo tunakosea kabisa. Mtoto wa miaka mitano humwiti, atapamba hata mguu wa meza. Ni yule wa kumi na tatu anayetaka kuitwa, kwa sababu haji mwenyewe tena. Ana simu, ana aibu, anajifanya hajali. Kama mtoto wa umri huo bado anachukua makasi na kukata nyota, na wewe unaikataa kwa sababu ya rangi, mwakani akijifungia chumbani utamlaumu nani?

Na wazee wetu vilevile. Baba yangu hajui kusema ametumisi. Anavaa gambuti na kuuliza tunaenda saa ngapi. Mimi nilimsikia, nikadhani anazungumzia mti.

Sisemi mchome plastiki zenu, hata huo moshi ni sumu. Na kama nyumbani hakuna ua wala nyanya wa Moiben, pambeni hiyo hiyo ya plastiki, lakini mpambe wote, na kila mtu aweke takataka yake anayoipenda. Iwe mbaya. Ikiwa mbaya vizuri, mjue watu wameishika.

Wangu uko ndani ya sanduku, juu ya kabati. Mwaka huu nimeomba likizo ianze siku mbili mapema. Nimempigia baba simu, na safari hii ni mimi niliyeuliza tunaenda saa ngapi. Dada yangu nimemwandikia kwamba nyota ni yake, rangi yoyote anayotaka.

Amejibu neno moja tu: "Tutaona."

Ana haki.