Kabla ya kubonyeza kitufe chekundu

Tangu kipindi kilichopita mmetuandikia sana, na wengi mnasema jambo moja: nataka kumrekodi bibi (au babu, au mama) kabla hajaanza kusahau, sasa nimuulize nini? Baadhi yenu mmetuma kabisa orodha za maswali. Nimezisoma zote, na karibu kila orodha inaanza na swali lile lile: kwa nini mlikuja Marekani?

Swali halina ubaya. Ila limebeba nadharia ndani yake, hata kama aliyeliandika hajawahi kukanyaga darasa la historia. Linasema kwamba jambo kubwa katika maisha ya mzee huyu ni safari, kwamba safari hiyo ilikuwa na sababu moja, na kwamba yeye ndiye aliyeamua. Mzee naye si mjinga, anakupa unachokitaka. "Tulikuja kutafuta maisha, mwanangu." Basi. Dakika mbili, mmemaliza, chai inapoa.

Wanahistoria wa kwetu walishakutana na jambo hili, tena kwenye kitu kizito: Vita vya Maji Maji. Mwaka 1968 chuo cha Dar es Salaam, kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kiliwatuma wanafunzi wake kwenda kuwahoji wazee kuhusu vita vile vya 1905 hadi 1907. Ilikuwa kazi ya kukimbizana na kifo. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati wa vita alikuwa sasa na zaidi ya 80. Kwa miaka yote hiyo maandishi mengi yalikuwa ya Wajerumani na wamisionari, yaani ya upande mmoja. Gilbert Gwassa alikusanya masimulizi ya wazee wa Umatumbi, akachapisha kumbukumbu pamoja na John Iliffe. Bila watu kama hao, leo tungemjua Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe kwa maneno ya waliomnyonga tu.

Lakini nchi ilikuwa changa, na ilikuwa inajitafutia babu zake. Nyerere mwenyewe, alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956, aliitaja Maji Maji kuonyesha kwamba watu wake hawakuwahi kuukubali utawala wa kigeni. Kwa hiyo swali lililotawala lilikuwa: makabila mbalimbali yaliunganaje dhidi ya Mjerumani? Ni swali zuri, nalipenda hadi leo. Lakini ukimuuliza mtu "mliunganaje", atakueleza muungano. Hatakueleza habari za nguruwe.

Nguruwe waliingia baadaye. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri alitoa makala kuhusu Uzaramo, yenye njaa na nguruwe pori kwenye kichwa chake. Swali lake lilikuwa jingine: nyumbani kulikuwa na hali gani? Wanaume walikuwa wakichukuliwa kwenda kufanya kazi kwingine, sheria za Wajerumani zilikuwa zimeubana uwindaji, nguruwe wanamaliza mazao, na wanawake ndio waliobaki na jembe na watoto. Ukiitazama kutoka pale shambani, dawa ya maji inakuwa na maana nyingine, si ya kugeuza risasi tu. Mwaka uliofuata Jamie Monson akaangalia Nyanda za Juu Kusini, akaonyesha jinsi uhasama wa zamani kati ya watawala wa huko ulivyoamua nani asimame upande gani. Vita ni vile vile. Walioongezeka ni watu ndani ya picha.

Sasa turudi Takoma Park. Hadithi rasmi ya nyumbani kwetu ni kwamba Baba alikuja kusoma, nasi tukamfuata. Wageni wameisikia, wajukuu wameikariri. Mimi nilimuuliza Mama kitu kingine: ule mwaka wa kwanza, nani alikuwa anabaki na mtoto ukienda kazini? Alizungumza saa nzima. Kumbe kulikuwa na jirani kutoka El Salvador, hawana lugha hata moja ya pamoja, wanapokezana watoto mlangoni saa 11 alfajiri. Huyo mama hayumo kwenye hadithi rasmi.

Jan Vansina, aliyeanzia kazi yake kwa Wakuba wa Kongo, alisisitiza tofauti ambayo nawaomba muiandike juu kabisa ya karatasi yenu: aliloliona mzee mwenyewe si sawa na alilopokea kutoka kwa waliomtangulia. Mjomba akikusimulia habari za Kinjikitile, muulize alizipata wapi. Huenda ni kwa babu yake. Huenda pia ni darasani, maana tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969 imesomwa na wengi. Zote mbili ni historia, ila si ushahidi wa kitu kimoja.

Halafu kagua. Familia nyingi zina ule msemo wa "sisi hapa tunapita tu". Sawa, lakini mji huu umewaruhusu wasio raia kupiga kura za mji tangu miaka ya 1990. Muulize mzee kama aliwahi kupiga. Anayepita tu anachagua meya wa nini? Na Maktaba ya Bunge, ambayo ofisi yake ya Nairobi inakusanya machapisho ya kwetu tangu 1966, iko vituo 5 kwa treni kutoka Takoma, ukishuka Union Station unatembea kidogo. Gazeti analolitaja babu huenda liko pale.

Akisema "zima hicho kidude", zima. Usijifanye umezima.

Na kwenye kila rekodi andika tarehe, mahali, na nani mwingine alikuwepo chumbani. Hilo la mwisho watu hulidharau. Mama ana simulizi moja Baba akiwa kwenye kochi, na nyingine akiwa jikoni peke yake anakaanga maandazi. Nimezihifadhi zote mbili, kila moja na jina lake.