Kukhu Hakupuuzi, Masikio Ndiyo Yamechoka

Wasee, leo niko na neno na sisi wenye tunatengeneza video za kuchekesha. Ile ya mzee asiyesikia sasa iishe. Unaijua: mjukuu anaomba nauli, babu anajibu mambo ya ng'ombe, watu wanajaza vicheko kwa komenti. Kwangu hiyo si mzaha mdogo. Mzee akishaona kutosikia ni kichekesho, hataambia mtu kwamba hasikii. Ataitikia tu.

Na kuitikia kitu hujasikia kuna bei yake. Daktari anamwambia tembe moja asubuhi na mbili usiku, anasema "ee, asante," halafu anafika nyumbani akimeza kwa kubahatisha. Kwa kikao cha shamba watoto wake wanaongea wote mara moja, yeye anatingisha kichwa, kesho anaambiwa, "Si ulikubali?" Kwa duka la M-Pesa anapigiwa kelele mpaka foleni nzima inajua ametoa pesa ngapi. Hapo nani anacheka?

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana tatizo la kusikia kiasi cha kuhitaji msaada. Sasa hesabu wazee wa boma lenu. Uwezekano ni mkubwa kwamba mmoja wao yumo.

Lakini hatuoni, kwa sababu tunadhani kutosikia ni kimya kabisa. Wapi! Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, na zikifa hazimei tena. Umri unaziua, kelele za miaka mingi pia, na hata dawa zingine kama streptomycin. Zinazotangulia kuharibika ni zile za sauti nyembamba. Kwa hivyo mzee anasikia kwamba unaongea, ila herufi kama s, t, f na k zinampotea. Jaribu kutofautisha "sita" na "tisa" bila hizo herufi. Utabaki na "i" na "a", basi. Ndiyo maana anakwambia, "Nakusikia, lakini sikuelewi." Hadanganyi.

Hii inaeleza mambo mawili yenye huwa yanaleta fitina nyumbani. La kwanza, kukhu anamjibu baba yako lakini wewe na wadogo wako anawapita tu. Si ubaguzi. Sauti za watoto na za wasichana wengi ni nyembamba kuliko ya mwanamume mzima. La pili, kuka haskii ukimwita chakula, lakini isukuti ikilia matangani anaingia katikati na hakosi hata pigo moja. Watu wanasema, "Ona, huyu hujifanya!" Hajifanyi. Mlio mzito wa ngoma bado unamfikia, tena anausikia hadi kifuani. Jina lako ndilo halimfikii.

Kwa hivyo angalia hizi dalili. Redio imepanda mpaka jirani anafuata taarifa bila kununua redio. Simu anaiweka sikio moja tu kila siku. Anakutazama mdomo ukiongea. Anauliza "nini?" zaidi kukiwa na watu wengi. Halafu ile inaniuma kabisa: alikuwa mtu wa hadithi, sasa anakaa pembeni, haendi chama, kanisani anasinzia. Watu wanasema amekuwa mkali, au amerogwa, au ni uzee tu. Mwaka wa 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na ambayo yanaweza kupunguzwa. Kutosikia ni mojawapo. Hiyo "uzee tu" inaweza kumgharimu.

Ufanye nini? Kwanza usipige kelele. Kelele inakunja maneno, na inamwaibisha. Zima TV, kaa mbele yake kwenye mwanga, ongea polepole. Asipoelewa, sema kwa maneno mengine badala ya kurudia yale yale.

Pili, mpeleke. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, waangalie ndani ya sikio. Wakati mwingine ni nta imeziba au usaha, na hiyo inatibika. Tafadhali, hakuna njiti ya kiberiti, hakuna ufunguo, hakuna mafuta ya kupikia. Ikibidi, omba barua ya kwenda kliniki ya masikio, pua na koo pale hospitali ya rufaa ya Kaunti, Kakamega mjini. Kama sikio limeziba ghafla, jana alikuwa anasikia na leo hapana, usingoje wiki iishe. Nenda siku hiyo hiyo.

Najua utaniuliza pesa. Ni kweli, kifaa cha kusikia ni ghali, na Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini kuangaliwa sikio si kununua kifaa. Ulizeni SHA inalipia nini, na mkishapata ripoti ya daktari, ulizeni pia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa sababu husaidia waliosajiliwa kupata vifaa. Familia inayochanga harusi kwa wiki mbili inaweza kuchangia masikio ya kukhu.

Na wenye mko Nairobi, mkirudi ingo Disemba, nyinyi ndio mtaona tofauti haraka, kwa sababu wa nyumbani wamezoea kupaza sauti. Usitoe simu umrekodi. Kaa naye jioni moja, TV ikiwa imezimwa, mwulize pole pole, "Kukhu, unanisikia vizuri?" Akisema ee, mwulize swali ambalo "ee" haiwezi kulijibu.