Jina la Kiumbe Asiyeonekana

Katika soko la Sondu, wakutanapo Wajaluo na Wakipsigis kwa biashara, hakuna amwulizaye mchuuzi ningu ni samaki gani. Jina latosha. Hata hivyo, katika vitabu vya wataalamu samaki huyo alianza kujulikana mwaka 1901 tu, Boulenger alipomwita Labeo victorianus. Waliokuwa wakimvua mtoni Miriu kizazi baada ya kizazi hawakuulizwa.

Nimemkumbuka ningu kwa sababu mwalimu mmoja wa biolojia aliniuliza kama kuna haja wanafunzi wake kukariri majina ya Kilatini ya bakteria. Nilimjibu wasiyakariri, bali wayachambue. Mwaka 2012 watafiti walimpa jina bakteria aliyetolewa katika udongo ulioganda daima wa kaskazini ya mbali ya Kanada, awezaye kuzaana katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Wakamwita Planococcus halocryophilus. Neno la pili ni Kigiriki kilichovishwa joho la Kilatini: chumvi, baridi, mpenda. Ajuaye viungo vya neno hilo amekwisha kujua nusu ya tabia za kiumbe mwenyewe.

Lakini jina halitolewi kwa kupenda tu. Kanuni ya kimataifa yataka bakteria akuzwe peke yake maabarani, ahifadhiwe hai katika hazina mbili zilizomo katika nchi mbili tofauti, na maelezo yake yachapishwe. Vinasaba vyake hulinganishwa na vya jamaa zake. Vikifanana kwa chini ya asilimia 95 hivi, huhesabiwa kuwa spishi nyingine. Kwa kuwa bakteria wengi hawakubali kukuzwa, mwaka 2022 ulitolewa mwongozo mwingine, SeqCode, ambao huridhika na mfuatano wa vinasaba pekee.

Nasi hatuhitaji kwenda Kanada kutafuta makazi makali. Mwaka 1984 kiumbe wa Ziwa Magadi, ambalo maji yake huchoma ngozi kwa ukali wa magadi na chumvi, aliitwa Natronobacterium magadii. Hilo la pili ni neno letu, lililonyambuliwa kana kwamba Magadi ni bwana fulani wa Kirumi! Tena kiumbe huyo si bakteria hata kidogo. Ni wa kundi la akea, ambalo Woese na Fox walilitenga mwaka 1977. Mwaka 1997 alihamishiwa jenasi Natrialba, na lile neno la uongo likaanguka. Mwaka huohuo Ziwa Bogoria likapata Bogoriella, kwa kiambishi cha udogo, kama tusemavyo kijito.

Wapo wasemao kwamba haya ni mambo ya kamusi. Sivyo. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai sehemu ya faida ya vimeng'enya vya vijidudu vya maziwa yetu, vilivyotumiwa kufifisha rangi ya suruali za jinzi. Aliyemkuza kiumbe, akamhifadhi na kumpa jina, ndiye mwenye ushahidi mkononi. Asiye na hazina yake huenda kubisha mlango wa mwenziwe.

Nilimwachia mwalimu yule zoezi: kila mwanafunzi abuni jina la bakteria wa tope la Miriu, aeleze mzizi na kiambishi. Mmoja ameleta Sonduella. Kisarufi sina la kumsahihisha. Kilichobaki ni kumpata bakteria mwenyewe, na shule yao haina hata darubini moja.