Nsumba Ntale na Duara la Dhahabu: Mila na Mabadiliko katika Vyama vya Vijana vya Usukuma

Mjadala kuhusu vyama vya vijana katika Usukuma umekuwa ukiendeshwa kana kwamba kuna kambi mbili tu. Kambi ya kwanza, kwa kuegemea methali isemayo mwacha mila ni mtumwa, hutaka ngoma, vyeo na taratibu zihifadhiwe kama zilivyopokewa. Kambi ya pili huona kuwa katika Shinyanga ya almasi na Geita ya dhahabu mambo hayo yamepitwa na wakati. Makala haya yanatetea hoja ya tatu: kwamba mila ya vyama hivyo ilikuwa yenyewe ni utaratibu wa kubadilika, na kwamba sehemu yake inayostahili kulindwa kuliko zote ni ile inayosahauliwa upesi zaidi, yaani mipaka ya mamlaka ya vijana.

Katika kijiji cha Kisukuma vijana wa kiume, basumba, walikuwa na chama chao cha kazi. Kiongozi wao, nsumba ntale, alichaguliwa na wenzake. Cheo chake hakikuwa cha ukoo kama cha ntemi. Chama kililima mashamba ya wanakijiji na kulipwa kwa nyama au pombe. Aliyevunja taratibu alitozwa faini, na aliyekaidi alitengwa. Mamlaka hayo hayakuwa madogo. Hata hivyo, yalikuwa na ukingo: nsumba ntale alitegemea ridhaa ya waliomchagua, na juu yake walikuwapo wazee na ntemi.

Vyama vya ngoma navyo vinafundisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mapokeo huhusisha mgawanyiko wa Bagika na Bagalu na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi ya pande hizo hushindana baada ya mavuno, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Kwa kanuni hiyo, manju anayerudia nyimbo za mwaka uliopita hujiandalia kushindwa. Upya, kwa hiyo, ulikuwa sharti la mila yenyewe. Ndiyo maana sherehe ya Bulabo iliyokuzwa Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padri David Clement kutoka Kanada alianzisha makumbusho, iliweza kuunganisha sikukuu ya Ekaristi na mashindano ya ngoma bila kuonekana kichekesho. Sura ilibadilika sana. Kanuni ya ushindani mbele ya hadhira ilibaki.

Kinyume chake kinaonekana katika Sungusungu. Jeshi hilo la jadi lilizuka Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipokuwa umeshamiri na silaha zilikuwa zimeenea baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79. Lilitumia mayowe, filimbi, mishale na adhabu ya kutenga. Viongozi wake waliitwa watemi. Kwa macho ya mtazamaji, hapo mila ilikuwa imefufuka. Lakini utemi ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1963, na Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imewahamisha watu kutoka katika makazi yao ya zamani. Vyeo na silaha vilirudi pasipo vyombo vilivyokuwa vikividhibiti. Sungusungu walipunguza wizi, na hilo haliwezi kukanushwa. Aidha, haliwezi kukanushwa kwamba watu walipigwa na wengine kuuawa, wakiwamo wanawake wazee walioshukiwa uchawi. Sheria ya mwaka 1989 iliyowaingiza katika mfumo wa mgambo ilikuja kuweka kutoka nje ukingo ambao zamani ulikuwa ndani.

Yumkini itadaiwa kwamba ukingo huo wa zamani unapambwa kupita kiasi: wazee nao walituhumu watu uchawi, na wanawake hawakuwa na sauti katika chama cha basumba. Dai hilo ni la haki. Ila linathibitisha kwamba kinachofaa kurithiwa ni kanuni, wala si watu walioisimamia. Kanuni hiyo ina vipengele viwili: kiongozi achaguliwe na anaowaongoza, na awajibike kwa jamii iliyo pana kuliko kundi lake.

Suala hili si la historia peke yake. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Vijana wa makabila mengi wanaishi kwa uchimbaji mdogo, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Kazi yao hupangwa kwa duara, na mifuko ya mawe hugawanywa kati ya mwenye eneo, mwenye duara na wachimbaji. Mgawo huo ndio chanzo cha ugomvi mwingi. Kikundi cha vijana kinachocheza bugobogobo mbele ya wageni rasmi, huku kiongozi wake akiwa ameteuliwa na mfadhili, kimehifadhi vazi tu. Kikundi cha wachimbaji kisichojua hata hatua moja ya ngoma hiyo, lakini kinachomchagua kiongozi wake, kinachohesabu mifuko hadharani, kinachotangaza faini zake, na kinachowapa kura wanawake wanaoponda na kuchekecha mawe, kiko karibu zaidi na nsumba ntale, na katika hilo la mwisho kimempita.

Utafiti wa fasihi simulizi una wajibu hapa. Kwa muda mrefu umekusanya nyimbo, maleba na ala, na hazina hiyo ni ya thamani. Lakini wimbo wa kazi ulionukuliwa bila kueleza nani alimchagua manju, nani alilipa faini, na nani angeweza kumvua kiongozi cheo, umenukuliwa nusu. Nusu inayoachwa ndiyo ambayo kijana wa Geita anaihitaji leo wakati mifuko inapohesabiwa.