Acheni Kunyanyua Mkia wa Nduthi, Hata Kama Ni Mimi Niliwaambia

Wasee, mnakumbuka ile video yangu ya gereji pale Kitengela? Fundi anafunga shokapu ndefu za nyuma, mkia wa Boxer yangu unapanda juu, ngoma inagonga, na mimi naambia kamera, "Sasa hii ndiyo mashine." Mliipenda kuliko zote. Kuna wale walinitumia picha za nduthi zao zikiwa zimenyanyuliwa hata kabla wiki iishe. Leo nawaambia nilikosea.

Wiki mbili baadaye nilimchukua mathe steji. Njia ya kwenda kwetu ni ya vumbi, ina mashimo na matuta ambayo wakaazi wamejiwekea wenyewe. Sikuwa hata na spidi. Tuta la kwanza, nyuma ikaruka kama mbuzi. La pili, mathe akaniacha juu ya kiti, akarudi chini vibaya, akanishika shingo badala ya kiuno. Nilisimama. Hakunigombeza. Alishuka, akachukua mfuko wake wa viazi, akatembea mpaka nyumbani.

Shida ya kwanza ilikuwa nini? Shokapu ina kazi mbili na mimi nilikuwa najua moja. Springi inabeba uzito. Mafuta yaliyo ndani, yakipita kwa vitundu vidogo, yanaizuia springi kurudi juu kwa hasira. Nilinunua springi ngumu, lakini ndani ya hiyo shokapu ya bei ya chini hakukuwa na mafuta ya kuituliza. Kila nguvu iliyoingia kwa springi ilirudi kwa matako ya mathe.

Halafu ule urefu. Ukiinua nyuma, fimbo za mbele zinasimama wima zaidi. Mtaani utafurahia, usukani unakuwa mwepesi sana. Nenda nayo Namanga Road, lori likupite, ndio utajua. Nduthi inaanza kutafuta njia yake yenyewe. Tena stendi ya kando inakuwa fupi, nduthi inalala ukiiacha. Na cheni uliyoipima nduthi ikiwa imesimama tupu inakaza vibaya abiria akikaa, kwa sababu ekseli ya nyuma inapopanda inaenda mbali na sproketi ya mbele kabla ya kurudi karibu. Mimi nilikula cheni na sproketi nikidhani ni spea feki.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki: nduthi haikuhitaji shokapu ndefu. Nilizifunga kwa sababu ilikuwa inayumba kwa kona. Fundi mwingine, mzee mmoja asiyependa kamera, aliinyanyua gurudumu la nyuma likaning'inia, akalishika, akalisukuma kushoto na kulia. Likacheza, na si beringi za gurudumu. Ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu una bushi pale unapojifunga kwa fremu, na zangu zilikuwa zimekwisha kabisa. Bushi mpya pamoja na kazi yake havikufika elfu moja. Kona zikarudi sawa siku hiyo. Fanya hiyo testi leo, ni bure.

Ukishapita hapo, ndio uguse shokapu. Pima kwanza. Weka nduthi kwa stendi kubwa, gurudumu likiwa hewani, chukua futi kutoka ekseli mpaka alama moja juu yake. Kisha kalia, mwenzako apime tena. Ukishuka kati ya robo na theluthi ya safari yote ya gurudumu, uko poa. Kama safari ni sentimita 10, unataka kushuka 2.5 hadi 3 na kidogo. Ile ringi yenye ngazi kwa shokapu ndiyo ya kurekebisha hapo. Na msidanganywe, kuikaza hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi, kunainua tu mahali nduthi inapokaa.

Najua watu wa kreti za maziwa na magunia watasema naongea kama mtu wa kubeba simu na begi. Sawa. Mzigo mzito kila siku unahitaji springi nzito, sibishi. Ila nunua ya urefu uleule, yenye mafuta yanayofanya kazi, na urudishe ile ringi chini ukimaliza kazi. Na abiria watatu si mzigo wa shokapu, sheria inasema mmoja.

Tairi nayo, nilichukua pana yenye meno makubwa kwa sababu ya sura. Boxer yangu inatumia 3.00-17, yaani upana wa inchi 3 na rimu ya inchi 17. Ukiweka pana kwa rimu ileile, kingo zinabanwa, tairi inapata umbo la yai, nduthi inakuwa nzito kugeuza. Mvua ikanyesha, udongo mweusi wa huku kwetu ukajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Kwa lami yenye maji ikawa mbaya zaidi, maana mpira unaogusa chini ni yale meno tu. Nimerudi saizi ya kampuni. Na ukinunua, soma zile namba nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akiiita mpya, muulize mpya ya lini.

Tunaweka taa za rangi, spika, stika za kila aina, halafu bushi ya mia mbili inatushinda. Mimi mwenyewe nilikuwa na spika.

Ile video sijaifuta, nimebandika komenti juu kabisa inayosema msifanye. Kuna kijana alinitumia inboksi picha ya goti lake, amefunga bandeji, akiniuliza shokapu zake alizikosea wapi. Nilimwambia azitoe, nikamwambia ni mimi nilikosea. Zangu ziko chini ya kitanda. Watatu wameniuliza bei, siuzi. Mathe bado anapanda matatu.