Mbwa na paka wazee nao wapimwe

Mhariri,

Ikitangazwa chanjo ya kichaa cha mbwa, sisi wa Sombetini tunajitokeza, na ni jambo jema. Lakini mbwa aliyelinda geti miaka kumi, nani anamwangalia meno, macho na figo? Akinywa maji kupita kawaida, au paka akikonda ilhali anakula, tunasema ni uzee tu. Kumbe huenda ni figo au kisukari, na daktari wa mifugo angemsaidia mapema. Wengine humpa paka panadol. Jamani, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua!

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumwacha mnyama ateseke. Naomba maafisa mifugo wa kata, siku ya chanjo, wawapime na hawa wazee.

Mfugaji,
Sombetini, Arusha